Kumi na Tatu Bado

Nyuma ya Kayenze, pale majabali yanapobebana
kama watoto wanaochungulia harusi,
kuna ufa, na katika ufa kunde
ambayo hakuna aliyeipanda.
Wenyewe tunaiita ya mbuzi.
Maua yake ya zambarau, madogo kama kucha ya kichanga,
hufunguka alfajiri; saa nne yamekwisha kufumba.
Mzizi sijui unakunywa nini.
Nilijaribu kung'oa mmoja, nikachimba hadi kiwiko:
mpini ukakatika, mzizi ukabaki.

Ziwa tunaliona kutoka hapa.
Linameta bure.
Ndoo ni ndoo, mlima ni mlima,
na mgongo wangu ni mmoja.

Mwezi wa saba nilichuma, umande haujakauka,
maana ukichelewa ganda linajisokota, pa!
na mbegu zimekwenda zao.
Nikapata arobaini, nyeusi, zenye madoa,
ndogo kuliko kichwa cha kiberiti.
Nikazitia katika kopo la mafuta ya kujipaka.

"Utatulisha chakula cha mbuzi," akasema mama mkwe,
Bi Nyanzobe, aliyekula mizizi mwaka wa njaa
na hataki kukumbushwa.

Mbegu ya dukani ni tiifu, ukiilaza na maji inaamka.
Hii ina gamba kama mlango wa benki.
Nikazisugua kwenye jiwe la kusagia, moja moja,
kwa kidole gumba, mpaka weupe uonekane,
nikihesabu kwa sauti nisije nikachoka.
Oktoba mwishoni nikazifukia kona ya shamba,
kwenye luseni, mchanga usiotunza maji wala siri.
Kumi na moja zikaota.
Ishirini na tisa zikanyamaza.

Mhoja hakujua, au alijua.
Alipita na plau Ijumaa, mimi niko mnadani Kisesa,
nikarudi nikakuta kona ni mistari safi ya mahindi.
"Nilidhani magugu," akasema.
Siku tatu nilimpakulia ugali bila neno.
Siku ya nne aliomba chumvi.
Nikampa.

Januari ya huku hamuijui.
Mvua huagia mlangoni kama mgeni asiyetaka chai.
Mahindi yakajikunja kama sigara,
yakawa manjano, kisha rangi ya karatasi,
yakaanza kusemezana kwa upepo, kakara, kakara.
Mhoja akaacha kwenda shamba.

Nilikwenda mimi, kukata mabua ya ng'ombe.
Na pale chini, kati ya mistari iliyokufa,
popote plau ilipozitawanya,
vijani vitatu vitatu, vibichi,
kama mtu ambaye hajaambiwa kuna msiba.
Nikahesabu: kumi na sita.
Nikaanzia upande wa pili: kumi na sita.

Nikachuchumaa na panga langu.
Kumbe hazikuwa kaidi.
Sisi, radi moja tu, tulimwaga ghala zima ardhini.
Zenyewe zilituma wajumbe kumi na mmoja,
zikabaki kusikiliza watarudi na habari gani.
Nani alizifundisha?
Jabali, labda. Ukilelewa na jabali
hukopi maji kwa matumaini.

Machi tulikula. Kisahani cha chai, si zaidi,
chungu kimetokota tangu asubuhi hadi adhuhuri
na bado ngumu, ladha ya udongo
na karanga iliyoungulia kikaangoni.
Bi Nyanzobe alitafuna muda mrefu, macho ukutani.
"Mwaka ule," akasema, "tulizila hizi."
Tukangoja aendelee.
Akasogeza bakuli.

Juzi nimekuta ile kona imezungushiwa miiba.
Mhoja hajasema kitu, ila mikono yake
ina mikwaruzo hadi kwenye viwiko.

Kopo limejaa nusu, liko juu ya kabati.
Usiku wa joto ganda moja nililolisahau humo
hupasuka, pa! watoto wakacheka usingizini.
Na huko mchangani, kama sikukosea hesabu,
kumi na tatu bado.
Sizihimizi.